Ndama Niliyemwandikisha kwa Jina Langu

Zuhura mwanangu,

Namshukuru Mungu nimepata kalamu inayoandika na mahali pa kukaa peke yangu, vitu viwili ambavyo humu nyumbani havikutani mara nyingi. Tumeshaswali alasiri. Wewe na mama yako mko ndani mnafunga begi, na kwa sauti ninazozisikia, begi ndilo linaloshinda. Mama yako katika wasia wake amekwishapita kwenye kuchemsha maji ya kunywa, sasa yuko kwenye kutomkopesha mwenye nyumba chochote, hata chumvi. Hayo namwachia yeye.

Langu ni moja. Kesho unakwenda Singida mjini kuanza kazi ya ukarani kwa dalali wa mahakama. Kuna jambo nimekuficha miaka kumi na mmoja kuhusu ndama wako, na nisipolisema leo utalikuta hukohuko ofisini, limeandikwa na sahihi yangu iko chini yake. Nimeona bora nitangulie mimi.

Mama yako analijua. Ndiye aliyenipa daftari hili asubuhi, akaniambia, "Baba Zuhura, unaandika wewe au niandike mimi?" Na wewe unamjua mama yako. Akiandika hapunguzi.

Basi nianze na redio, maana balaa lilianzia hapo. Ulikuwa darasa la nne. Mwaka ule alizeti zilikubali mpaka watu wakaanza kusalimiana kwa adabu zaidi. Nikauza, nikaenda Manyoni kununua magunia na dawa ya mifugo, nikarudi na redio. Unaikumbuka. Spika mbili zilinifika kifuani, taa zinabadilika rangi, inakula betri ya gari. Mama yako aliitazama, akaitazama tena, akauliza, "Magunia ndiyo haya?" Imamu nilimwambia nimeinunua kwa ajili ya kaswida. Kaswida zilipigwa, sikatai. Zilipigwa Ijumaa.

Siku nyingine ulikuwa mpira. Na ni kwenye mpira, redio ikiwa imefunguliwa mwisho, maksai wangu wawili walipovunja zizi mchana kweupe, wakavuka mfereji, wakaingia shamba la Lameki. Mimi nashangilia goli, wao wanakula alizeti za watu. Walipotosheka walirudi wenyewe kwa heshima zao.

Lameki alikuja kistaarabu. Ni mtu wa kanisani, hana makelele. Akasimama pale mlangoni akasema, "Juma jirani yangu, tukatazame wote, tukadirie, unilipe hata kidogo kidogo." Kama ningesema ndiyo, barua hii isingekuwepo. Lakini kulikuwa na watu wamekaa kusikiliza redio yangu, na nikaona mwenye redio kama ile haambiwi maneno mbele za watu. Nikamjibu, "Una uhakika gani ni ng'ombe wangu? Ng'ombe wameandikwa majina?" Watu wakacheka. Lameki akaondoka akaenda mahakama ya mwanzo.

Kule mahakamani nilijitetea mwenyewe, na nilijiona najua.

"Mheshimiwa," nikasema, "maksai wangu walikuwa wanapita tu."

Hakimu akaniangalia juu ya miwani. "Walipita huku wanatafuna?"

"Mheshimiwa, ng'ombe anatafuna hata akiwa amesimama nyumbani kwake. Ndiyo maumbile."

"Na alizeti zilizokutwa kwenye kinyesi ndani ya zizi lako?"

"Hizo, mheshimiwa, ni za kwangu."

"Zako ulishavuna na kuuza. Umesema mwenyewe sasa hivi."

Watu walicheka sana. Mwanangu, nilidhani wanacheka upande wangu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako nimemweka hakimu mahali pagumu. Hukumu ilipotoka, niliambiwa nimlipe Lameki hasara yake na gharama zake, nikapewa muda.

Ningeweza kulipa. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Huwa tunawasimulia watu kwamba tulikuwa hatuna kitu, tumeonewa. Si kweli. Ningeuza redio nikamalizana na Lameki na chenji ikabaki. Kila nikizitazama zile taa nasema, ngoja kwanza wiki ijayo. Wiki zikapita, muda ukaisha, ikaja barua kwamba mahakama imetoa amri ya kukazia hukumu, dalali atakuja kukamata mali.

Hapo ndipo alipoingia mjomba wako Hamisi.

Mjomba wako, kama ujuavyo, aliwahi kuwa mlinzi wa geti la mahakama, miezi saba, akaachishwa kwa kulala. Lakini hapa kijijini miezi saba ile ilimfanya wakili. Mtu akipata barua yenye mhuri haendi kwa mwingine. Alikuja akaisoma barua yangu huku ameishika mbali, akaikunja, akasema, "Shemeji, mahakama inachukua kitu kinachokuuma. Ukishaficha kinachokuuma, wamekwisha."

"Kinachoniuma ni nini sasa?"

"Utalala wapi bila kitanda? Utakula nini bila sufuria? Utalima na nini bila plau? Hivyo ndivyo wanavyovifuata. Vilete kwangu."

"Na redio?"

"Redio ni starehe tu. Mahakama ni watu wazima, wafanye nini na muziki?"

Mama yako alisema kwa sauti ndogo kwamba angeuliza kwanza kwa mtendaji wa kijiji. Hamisi akamwambia, "Dada, mtendaji alisomea mambo ya vyoo." Basi tukatii wote, elimu imezungumza.

Siku ya kuja dalali ulikwenda shule asubuhi, hukuona kitu. Ulipotoka tu tukaanza. Mkokoteni ulikwenda kwa Hamisi mara mbili. Vitanda vyote, magodoro, masufuria, mwiko, jungu la maji, plau, majembe, mbegu za msimu uliokuwa unakuja, na maksai wenyewe, maana ndio waliovuta. Mama yako alifunga mpaka kanga zake kwenye shuka. Njiani watu walitupa pole ya kuhama. Ndani yakabaki makochi mawili na redio. Nje akabaki ndama wako, kwa sababu Hamisi alisema kwake hakuna pa kumfunga.

Dalali alikuja saa nne na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pamoja na mgambo mmoja na mtendaji. Nilitegemea jitu la kutisha. Alikuwa mzee mwembamba, Mzee Petro, ana kikohozi na faili lililofungwa kwa uzi. Akanisalimia vizuri, akaomba kuingia. Akaangalia chumba cha kwanza, cha pili, akarudi sebuleni.

"Bwana Juma, mnalala wapi?"

"Chini."

"Wote?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Na mnapikia nini?"

Mwanangu, kwa swali hilo Hamisi hakuniandaa. Nikasema, "Tumefunga."

"Nyumba nzima?"

"Nyumba nzima. Ni sunna."

Mtendaji akadakia, "Juma, asubuhi hii si nimekukuta gengeni unakula mihogo ya kukaanga? Ukaongeza na kachumbari."

Mzee Petro hakucheka. Akafungua faili akaketi kwenye kochi langu, akaanza kunieleza polepole kama anamweleza mgonjwa. Kwamba sheria inamkataza kugusa kitanda na matandiko. Inamkataza nguo za kuvaa, za kwangu, za mama yako na zako. Vyombo vya kupikia, marufuku. Fundi hanyang'anywi zana zake. Na mkulima haachwi mikono mitupu: jembe, plau, ng'ombe wa kulimia, mbegu ya msimu, vyote vinabaki ili mtu aweze kula na kulipa.

"Kwa hiyo ulivyovificha," akasema, "ndivyo nisivyoruhusiwa kuchukua. Na ulivyoniachia ndivyo nilivyovifuata."

Mtendaji alicheka mpaka akashika ukuta. Mgambo alitoka nje akachekee huko. Mama yako hakucheka. Alikuwa anaitazama redio, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza anaitazama kwa furaha.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mzee Petro akapiga hesabu. Akasema, "Redio hii na makochi vinatosha kabisa. Nakuandikia hapa, tunapakia, tunaachana kwa amani." Mgambo akaanza kuchomoa nyaya. Zile taa zikazimika. Nikaona watu wamesimama barabarani, wale wale waliokuwa wanakuja kusikiliza mpira. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Na nikikupa ng'ombe, redio inabaki?"

"Ng'ombe yupi?"

Nikamwonyesha ndama wako. Yule mwekundu mwenye paji jeupe, uliyepewa na bibi yako, mama yangu mzazi, siku uliyohitimu juzuu. Bibi alimleta akiwa amemfunga kamba mpya, akatamka mbele ya mwalimu wa madrasa na majirani: huyu ni wa Zuhura, na watakaozaliwa ni wa Zuhura.

Mzee Petro akauliza, "Ni wa nani huyu?"

"Wangu."

"Sikiliza, ndugu yangu. Mimi nakamata mali ya mdaiwa tu. Kama ni wa mtu mwingine, wa mke, wa mtoto, wa jirani, sema sasa, simgusi. Ni wa nani?"

Mama yako alikuwa mlangoni. Akasema, "Baba Zuhura." Basi, hayo tu.

Nikasema, "Wangu."

Akaandika: makochi mawili, ndama jike mmoja mwekundu, mali ya mdaiwa. Nikatia sahihi. Mwanangu, nilikuwa na udhu. Nilikuwa nimejiandaa kwa adhuhuri. Nikajipa fatwa mwenyewe kwamba mali ya mtoto ni mali ya baba, na fatwa hiyo sikumwuliza imamu mpaka leo, kwa sababu jibu nalijua.

Ulirudi shule ukakuta kigingi na kipande cha kamba. Ukaniuliza yuko wapi. Nikasema watu wa mahakama wamemchukua. Ukasema, "Hukuwaambia ni wa kwangu?" Nikasema niliwaambia, hawakusikia.

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuacha uamini kwamba yule mzee mwenye kikohozi alimnyang'anya mtoto ndama. Ulipomwuliza mama yako, alikujibu, "Muulize baba yako." Ukafikiri hajui. Mama yako hajakudanganya hata siku moja. Alikuwa anakuelekeza.

Na bado ukaandika. Ulichana karatasi katikati ya daftari la hesabu, ukaandika, "Mheshimiwa Hakimu, mimi ni mwanafunzi, naomba ndama wangu, shahidi ni bibi." Ukanipa nikupelekee. Ijumaa ukaniuliza kama limekuja jibu. Nikasema bado. Ijumaa nyingine nikasema mahakama zina kazi nyingi. Uliniuliza mpaka ukaacha wewe mwenyewe, na siku uliyoacha ndiyo iliyoniuma. Karatasi ile haikuwahi kuvuka barabara. Ilikaa kwenye kopo la hati za shamba, na sasa iko ndani ya bahasha hii, ni ya kwako.

Kama unataka kujua niliadhibiwaje, niliadhibiwa kwa Hamisi. Tulikwenda kuchukua vitu vyetu jioni ile ile, tukamkuta mkewe amepika pilau ya wageni ndani ya sufuria letu kubwa. Hamisi akasema vitu vimepokelewa rasmi, havitoki bila utaratibu. "Utaratibu gani, shemeji?" "Kuna ada ya kuhifadhi." Tulilala chini siku tisa, sasa ikawa kweli ni desturi yetu. Mvua ya kwanza ikanyesha, nikasimama hapa nikawaona maksai wangu na plau langu wanalima shamba la Hamisi, na wamependeza. Dalali wa serikali aliniachia kila kitu cha kulimia. Shemeji yangu, ndugu wa damu wa mama yako, ndiye aliyekamata. Ilibidi mama yako aende mwenyewe. Alianza kwa Kiswahili, na alipofika kwenye Kigogo vitanda vikaanza kutoka kimoja kimoja.

Redio haikumaliza mwaka. Panya waliingia kwenye spika. Niliifungua nikakuta kiota kimetengenezwa vizuri kwa pamba ya ndani. Mama yako akauliza, "Na hawa nao utawaandikisha kwa dalali?"

Wewe ukakua. Ukasema utasoma sheria. Tulipokuuliza kwa nini, ukawaambia watu wote siku ya sherehe ya kumaliza chuo: "Kwa sababu ya ndama wangu. Nataka nijue walipata wapi haki ile." Wakakupigia makofi. Mimi pia nilipiga, nikiwa nimekaa karibu na Lameki, ambaye aligeuka kunitazama. Kisha ukapata kazi hii, ukasema utakuwa karani mwenye huruma, si kama yule mzee. Nikauliza jina la ofisi. Ukalitaja.

Zuhura, ni yule yule. Bosi wako mpya ndiye Mzee Petro.

Sasa nikuambie kosa la mwisho, ni la wiki iliyopita, bado bichi. Niliwaambia nakwenda mjini kupima macho. Sikupima. Nilikwenda ofisini kwake. Amezeeka, kikohozi kile kile. Nikajitambulisha, nikamweleza, nikamwomba ile karatasi aiweke mahali, au aitoe kwenye kabati, asije akaiona binti yangu.

Akakohoa kwanza. "Wewe ndiye yule wa sunna?"

"Ndiye."

"Na mpaka leo unaficha vitu tu?"

Nikavua kofia.

"Mzee mwenzangu," akasema, "kazi yake ya kwanza ni kupanga mafaili ya zamani. Atalifikia. Mimi siondoi karatasi ya mahakama. Nilikuuliza mara mbili siku ile. Nenda kamwambie." Kisha akanipa chai, na andazi, na nilikula kwa sababu alinikazia macho ili aone kama nimefunga.

Kwa hiyo ndiyo nakwambia.

Sina mengi ya kukushauri kuhusu kazi, wewe ndiye uliyesoma. Ila utaingia katika nyumba za watu kama nilivyokuwa mimi. Utakuta vyumba vitupu na mtu mzima anakwambia wanalala chini. Usimcheke mbele ya mkewe. Mwambie mapema vitu gani haviguswi, kabla hajavipeleka kwa shemeji. Na ukiuliza mali ni ya nani ukapata jibu la haraka, mgeukie aliyesimama mlangoni, umwulize naye. Mzee Petro aliniuliza mara mbili, lakini zote mbili aliniuliza mimi.

Ng'ombe. Nilijaribu kuhesabu: ndama wako angekuwa amezaa, na watoto wake wamezaa. Nilipofika ng'ombe wa saba nikaacha, maana niliona mahali deni hili linapoelekea na hata ukikazia hukumu utaniachia vitanda tu. Nilichoweza ni hiki. Jana nilikwenda kwa mtendaji, tukaandika mbele ya Lameki kwamba yule jike mweusi mwenye mimba ni wako, na watakaozaliwa ni wako. Lameki ndiye shahidi. Alitia sahihi, akaniuliza, "Safari hii una uhakika gani ni ng'ombe wako?" Nilistahili. Huyo si malipo, usimpokee kama malipo. Ni mahali pa kuanzia, na mengine nitayaleta kadiri Mungu atakavyoniruzuku. Nikifa kabla, nimeandika na hilo pia, ili nisiende na deni la mwanangu shingoni.

Nimeomba msamaha kwa Mungu mara nyingi, tena kwa machozi, na ilikuwa rahisi kwa sababu Yeye alikuwa anajua tayari. Wewe ndiye ulikuwa hujui. Nakuomba radhi, Zuhura. Ulikuwa na haki, shahidi alikuwa bibi, na baba yako ndiye aliyekushinda kesi bila kukuita.

Bahasha hii nitakupa mkononi kabla ya magharibi, kisha nitaondoka niende msikitini, nisisimame kukusoma uso. Kesho mapema nitakubebea begi mpaka stendi. Usijilazimishe kuniamkia. Najua mama yako atakukaripia ukinipita bila shikamoo, mwambie mimi mwenyewe nimekuruhusu. Ikija kesho nitaitikia. Ikija mwakani nitaitikia. Isipokuja, begi nitalibeba vilevile, na nitasimama pale mpaka basi liondoke.

Baba yako,
Juma